Kundi, Chaneli au Ukurasa: Ulinganisho wa Zana za Mtandao wa Kijamii kwa Maktaba ya Umma

Maktaba ya umma inapoamua kuwafuata wasomaji wake kwenye simu zao, swali la kwanza linaloulizwa ofisini huwa ni zana ipi inayopendwa na wengi. Kwa Kisumu, Kakamega, Busia na miji mingine ya magharibi mwa Kenya jibu lake ni rahisi, nalo ni WhatsApp, lakini jibu hilo halimsaidii mkutubi kuchagua, kwa sababu ndani ya WhatsApp yenyewe mna zana kadhaa zisizofanana hata kidogo. Ni heri aanze kwa kuuliza ni kazi gani inayotakiwa kufanywa. Kazi hizo ni tatu: kutangaza, yaani kuwafahamisha watu saa za kufungua, vitabu vilivyofika na siku ya hadithi za watoto, kujibu, yaani kumhudumia msomaji mmoja mwenye swali lake, na kujadili, yaani kuwakutanisha wasomaji wao kwa wao. Sijaona zana inayozifanya zote tatu vizuri, na maktaba inayoilazimisha zana moja izibebe zote huishia kuwa na kundi lenye kelele ambamo tangazo la maana halionekani.

Jambo la pili la kupima ni gharama anayolipa msomaji. Wengi wanaoingia maktabani ni wanafunzi wa sekondari, vijana waliomaliza shule na wanaosubiri nafasi za vyuo kupitia KUCCPS, shirika la serikali linalogawa nafasi hizo, watafuta kazi, wazazi wanaoleta watoto Jumamosi, na wastaafu wanaokuja kusoma magazeti. Hununua bando ndogondogo za siku au za wiki, na kila video inayojifungua bila kuombwa hula bando hizo. Wanalipa pia kwa faragha yao, ingawa malipo hayo hawayaoni mara moja.

Jambo la tatu husahauliwa karibu kila mara: nani anabaki na funguo? Katiba ya 2010, katika Jedwali la Nne, imeweka maktaba miongoni mwa majukumu ya kaunti, na wafanyakazi wa kaunti huhamishwa. Akaunti iliyofunguliwa kwa nambari binafsi ya mfanyakazi mmoja mwenye bidii huondoka naye siku anapopelekwa idara nyingine, na maktaba hubaki ikiutazama ukurasa wenye jina lake usioweza kuguswa na mtu yeyote aliye ofisini. Zana yoyote hapa chini ambayo haiwezi kumilikiwa na dawati, badala ya mtu, nimeipunguzia alama.

Kundi la WhatsApp na chaneli ya WhatsApp

Kundi ndilo watu hulifikiria kwanza, kwa kuwa kila mmoja tayari yumo katika makundi ya chama, ya harambee, ya wazazi wa darasa na ya matanga. Urahisi wake ni wa kweli. Hakuna akaunti mpya ya kufungua, hakuna cha kujifunza, na kundi moja linaweza kubeba watu 1,024. Msomaji akiuliza kama maktaba inafunguliwa Jumamosi, mwenzake anaweza kumjibu kabla mkutubi hajashika simu, na huo ni msaada usiolipiwa na yeyote.

Hata hivyo kundi lina kasoro ambayo kwa taasisi ya umma ni nzito kuliko urahisi wote huo: kila mwanachama anaiona nambari ya simu ya kila mwenzake. Mwanafunzi wa kidato cha pili aliyejiunga ili apate ratiba ya chumba cha kompyuta anakuwa ameikabidhi nambari yake, au ya mamake, kwa mamia ya watu asiowajua. Chini ya Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, nambari ya mtu ni data yake ya kibinafsi, na kuhusu watoto sheria hiyo inataka idhini ya mzazi au mlezi kabla ya data zao kushughulikiwa. Mkutubi hawezi kujitetea kwa kusema kwamba ni WhatsApp iliyoionyesha nambari, kwani aliyeanzisha kundi kwa jina la maktaba ndiye aliyeamua watu wakutanishwe kwa njia hiyo.

Kasoro ya pili ni yale yanayoingia humo. Kwanza huja matangazo ya kazi za uongo na ya mikopo ya haraka, kisha siasa, na kadiri uchaguzi mkuu wa Agosti 2027 unavyokaribia siasa hiyo itazidi. Halafu kuna jambo linaloihusu maktaba kuliko taasisi nyingine yoyote: nakala za PDF za vitabu teule vya fasihi, zilizopigwa picha ukurasa kwa ukurasa na kusambazwa bila ruhusa. Sheria ya Hakimiliki ya 2001 inailinda kazi ya maandishi maisha yote ya mwandishi na miaka 50 baada ya kifo chake. Maktaba ambayo hununua vitabu kwa fedha za umma haiwezi kuwa mwenyeji wa kundi linalogawa nakala za wizi za vitabu hivyo hivyo. Ni kweli kwamba msimamizi anaweza kufuta ujumbe wa mtu mwingine, lakini anayefuta lazima awe macho, na ujumbe hutumwa saa tano za usiku.

Wako wanaoitatua shida hii kwa kulifunga kundi ili wasimamizi pekee waweze kuandika. Kwa maoni yangu hiyo ndiyo hali mbaya kuliko zote, kwa kuwa faida ya mazungumzo imeondolewa na nambari za watu bado ziko wazi.

Chaneli, ambayo WhatsApp iliianza mwaka 2023, imejengwa kwa kutangaza tu. Wafuasi hawaonani, nambari zao hazionekani kwa wafuasi wenzao, na nambari ya msimamizi haionyeshwi kwao. Mfuasi anaweza kuweka alama ya hisia au kupiga kura ya maoni, lakini hawezi kuandika ujumbe ndani yake, hivyo hakuna wa kufukuzwa wala cha kufuta. Wasimamizi wanaweza kuwa zaidi ya mmoja, jambo linaloliridhisha lile sharti la funguo. Kiungo chake huweza kuchapishwa kama msimbo wa QR na kubandikwa mlangoni, kwenye meza ya kurudishia vitabu na kwenye mbao za matangazo za shule za karibu.

Udhaifu wa chaneli ni wa aina mbili. Matangazo hukaa siku 30 tu kisha hutoweka, kwa hiyo isichukuliwe kuwa kumbukumbu. Tena chaneli haikai pamoja na mazungumzo ya kawaida ya mtu, na asiyeiwashia arifa anaweza kupitisha wiki nzima bila kuona kitu. Dawa yake ni ya kizamani: mhudumu wa dawati amwonyeshe msomaji jinsi ya kuwasha arifa wakati anapojiunga, akiwa amesimama pale pale mbele yake.

Basi uamuzi hapa haunipi shida. Kwa kutangaza, chaneli inalishinda kundi waziwazi. Kundi libaki kwa klabu ya kusoma ya watu wazima ambao tayari wanakutana ana kwa ana maktabani, wasiozidi idadi inayoweza kuketi katika chumba kimoja, na ambao kila mmoja amekubali nambari yake ionekane.

Nambari ya dawati

Kama maktaba ina uwezo wa kuanzisha kitu kimoja tu mwaka huu, ningeshauri kiwe laini ya simu ya maktaba yenye WhatsApp Business. Programu hiyo ilitolewa mwaka 2018 kwa ajili ya biashara ndogo, haitozwi ada, na karibu kila kilichowekwa humo kwa ajili ya mwenye duka kinamfaa mkutubi. Wasifu wake unaonyesha mahali na saa za kufungua. Mtu akiandika usiku hupata jibu la kujiendesha linalomweleza kwamba atajibiwa kesho asubuhi. Majibu ya maswali yanayojirudia, kama vile masharti ya uanachama au namna ya kuongeza muda wa kitabu, huandikwa mara moja na kuitwa kwa neno fupi. Mazungumzo huwekewa lebo ili ijulikane ni nani anayesubiri kitabu na ni nani aliyekwisha kuhudumiwa. Simu yenyewe huunganishwa na vifaa vya ziada hadi vinne, kimojawapo kikiwa kompyuta ya dawati, ili mhudumu aandike kwa kibodi huku akiendelea kuwahudumia waliosimama mbele yake.

Laini isajiliwe kwa jina la taasisi, na simu ilale kwenye droo ya ofisi. Hili si urasimu. Laini isiyotumika wala kuwekwa salio kwa muda mrefu hufungwa na kampuni ya simu, kisha nambari yake hupewa mteja mwingine, na mgeni huyo ndiye atakayeanza kupokea maswali ya wasomaji wenu. Nambari ya siri ya uthibitishaji wa hatua mbili ijulikane na watu wawili na iandikwe katika bahasha iliyofungwa ndani ya kabati la mkuu wa maktaba.

Ugumu wa zana hii uko katika aina ya maswali yatakayokuja. Msomaji aliyezoea kusaidiwa maktabani kujaza fomu za eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, au marejesho ya kodi ya KRA mwishoni mwa Juni atatuma picha ya kitambulisho chake na nenosiri lake bila kuombwa. Wahudumu wafundishwe kutolipokea nenosiri la mtu kwa njia yoyote, kuifuta picha ya kitambulisho mara inapoingia, na kumwelekeza mwenyewe afike kwenye kompyuta za maktaba. Wafundishwe pia kwamba kumbukumbu ya vitabu alivyoazima mtu ni siri yake. Mume akiandika kuuliza mkewe ameazima nini, jibu ni kwamba maktaba haitoi habari hizo.

Sanduku la ujumbe la Facebook linaweza kufanya kazi hii, na lina ubora mmoja ambao WhatsApp Business haina: kila mhudumu huingia kwa akaunti yake mwenyewe, hivyo hakuna simu moja inayoweza kupotea au kuibwa. Lakini linamtaka msomaji awe na Facebook na akumbuke kuifungua. Kwa wasomaji wetu ningeendelea kuiweka nambari mbele.

Ukurasa wa Facebook mbele ya WhatsApp

Ukurasa wa Facebook ni zana iliyokomaa, na kwa upande wa umiliki ndiyo iliyopangika vizuri kuliko zote. Watu kadhaa wanaweza kupewa mamlaka ya viwango tofauti, na anayehama huondolewa bila ukurasa kutikisika. Chapisho halitoweki baada ya siku 30. Mtu anayetafuta maktaba ya mji wake kwenye Google anaweza kuupata ukurasa huo hata kama si mfuasi, jambo ambalo mazungumzo ya WhatsApp hayaliwezi.

Kwa tangazo la dharura, hata hivyo, Facebook ni dhaifu. Mashine za kampuni ndizo zinazoamua nani aone nini, na wafuasi wengi hawaoni chapisho isipokuwa limelipiwa. Tangazo kwamba maktaba imefungwa leo kwa kukosa maji linaweza kumfikia msomaji keshokutwa, akiwa tayari amekwisha kulipa nauli kutoka Ahero na kukuta mlango umefungwa. Hivyo habari za leo ziende kwenye chaneli, na Facebook ipewe yale yanayostahili kudumu.

Na hapa ndipo Facebook inapopata kazi ambayo naiona kuwa ya thamani kuliko matangazo yote. Mnamo Januari 2008 Maktaba ya Bunge la Marekani iliweka zaidi ya picha 3,000 za kale kwenye mtandao wa Flickr na kuwaalika watu waziwekee maelezo. Umma ulijitokeza, na miongoni mwa maoni yao mlikuwa na majina ya watu na ya mahali ambayo wakutubi hawakuwa nayo. Mfano huo unaweza kufuatwa Kisumu kwa gharama ndogo sana. Reli ilifika ziwani mwaka 1901, wakati mji ukiitwa Port Florence, na tangu hapo bandari, stesheni, soko la Kibuye na ufuo wa Dunga vimepigwa picha na watu wengi. Picha hizo hulala katika masanduku ya familia. Maktaba ikiweka moja kila wiki, kwa idhini ya mwenyewe, na kuuliza "Ni wapi hapa, na ni akina nani hawa?", watajitokeza wazee na watu wa mji huu wanaoishi ughaibuni ambao hawawezi kuingia maktabani lakini wanaikumbuka sura ya duka la kona. Chaneli haiwezi kazi hii kwa kuwa wafuasi hawaandiki humo. Kundi haliwezi kwa kuwa jibu la leo huzikwa na salamu za kesho asubuhi.

Masharti yake ni mawili. Anayesimamia maoni awe anaelewa Dholuo, kwa sababu mazungumzo yakinoga yatahamia huko, na kwa Kakamega au Vihiga awepo anayezielewa lugha za Waluhya wa eneo lile. Hakuna anayeweza kusimamia mjadala asioufahamu. Kisha kila ushuhuda wenye maana unakiliwe kwenye jalada la maktaba, pamoja na tarehe na jina alilolitumia mtoa habari, ikiwa ameridhia. Maoni yaliyobaki Facebook pekee si mali ya maktaba hata kama yameandikwa chini ya jina lake.

Telegram

Kwa kutazama sifa zake tu, Telegram ingeshinda. Kundi lake hubeba hadi watu 200,000, mtu anaweza kuonekana kwa jina la mtumiaji bila kuonyesha nambari ya simu, faili la hadi gigabaiti 2 hupita, na anayejiunga leo anaweza kuona ya mwaka jana. Wakutubi wanaopenda teknolojia huipendekeza, na sishangai.

Kizuizi chake ni cha hapa hapa Kenya. Mnamo Novemba 2023, na tena Novemba 2024, huduma ya Telegram ilizuiwa nchini wakati wa KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari, kwa kuwa ilikuwa ikitumiwa na wauzaji wa karatasi za mtihani, nyingi zikiwa za uongo. Ni wiki zile zile ambazo maktaba hujaa watahiniwa kuliko wakati mwingine wowote wa mwaka. Zana inayoweza kunyamaza katika wiki hizo haifai kuwa ya kwanza, na sifa iliyoipata miongoni mwa wazazi na walimu haifanyi iwe rahisi kuitetea mbele ya kamati ya kaunti.

TikTok na X

TikTok inawafikia vijana ambao hawajawahi kukanyaga maktaba, na video ya nusu dakika inayoonyesha jinsi ya kukitafuta kitabu rafuni inaweza kufanya zaidi ya bango. Lakini ni zana ya mtu mmoja mwenye kipaji. Pasipo na mfanyakazi anayependa kazi hiyo kwa dhati, video zitakuwa za kulazimishwa, na vijana huitambua video ya kulazimishwa upesi. Inakula bando pia, na nyuso za watoto waliokuja kusikiliza hadithi zisionyeshwe bila idhini ya wazazi wao, jambo linalopunguza sana kinachoweza kurekodiwa. Ningeiacha mpaka mtu huyo apatikane, na akihama, ningeisimamisha bila aibu.

X, iliyoitwa Twitter hadi Julai 2023, ni baraza la waandishi wa habari, wanasiasa na wanaharakati. Inafaa kwa kuzungumza na maafisa wa kaunti hadharani wakati wa bajeti. Msomaji wa kawaida wa Manyatta au Lurambi hatafuti huko habari za maktaba.

Maoni ndani ya katalogi yenyewe

Kuna njia nyingine kabisa, nayo ni kuuleta mtandao wa kijamii ndani ya maktaba badala ya kuipeleka maktaba nje. Programu huria ya Koha, inayoendesha katalogi, yaani orodha ya vitabu vya maktaba, na iliyoanza kutumika New Zealand mwezi wa Januari 2000, inamruhusu msomaji aliyesajiliwa kukipa kitabu nyota, kukiwekea lebo, kutengeneza orodha ya vitabu alivyovipenda na kuandika maoni ambayo hayaonekani mpaka mkutubi ayapitishe. LibraryThing, tovuti ya wasomaji kuorodhesha vitabu vyao iliyoanza mwaka 2005, ina huduma iitwayo TinyCat kwa maktaba ndogo zisizo na mfumo wa katalogi. Goodreads, tovuti ya maoni ya vitabu, ina wasomaji wengi zaidi ya hizo, lakini ni mali ya Amazon tangu 2013, na mwishoni mwa 2020 iliacha kutoa ruhusa mpya kwa programu nyingine kuchota data zake, hivyo maoni ya wasomaji wenu yakiingia humo hayarudi kwa urahisi.

Ubora wa njia hii ni kwamba maoni hukaa karibu na kitabu chenyewe na data hubaki kwa maktaba. Ubaya wake ni upole wa mwendo. Mwaka mzima unaweza kupita na maoni yakawa machache, kwa sababu wasomaji wengi huenda rafuni moja kwa moja bila kuigusa katalogi. Huo si msingi wa kuikataa ikiwa Koha imekwisha kusimikwa, kwani kuwasha sehemu ya maoni ni kazi ya fundi ya muda mfupi. Wala si sababu ya kusimika mfumo mzima ikiwa haupo. Gharama ya seva, mafunzo na kuingiza rekodi ihalalishwe kwa ajili ya uazimishaji kwanza.

Upande wa kudumu unaihusu katalogi kuliko inavyodhaniwa. Mwaka 2005, Michael Casey alipoanza kulitumia jina Library 2.0, yaani maktaba inayowashirikisha wasomaji kwa zana za mtandao, kule Marekani, maktaba nyingi za huko zilizikimbilia zana mpya. Zilipachika kisanduku cha mazungumzo cha Meebo kwenye tovuti zao, na Meebo ilifungwa mwaka 2012 baada ya kununuliwa na Google. Ziliwafundisha wasomaji wao kufuatilia habari kwa Google Reader, na Google Reader ilizimwa Julai 2013. Google+, mtandao wa kijamii wa kampuni hiyo hiyo, ikafuata mwaka 2019. Katika zana zote za kipindi kile, katalogi ndizo zilizobaki mikononi mwa maktaba zenyewe.

Ujumbe mfupi wa simu

SMS haihesabiwi kuwa mtandao wa kijamii, lakini kuiacha nje ya ulinganisho kungekuwa kuwasahau wenye simu za mulika mwizi. Inafika bila bando na haimtaki mtu ajiunge na chochote. Hulipiwa kwa kila ujumbe, nafasi yake ni herufi 160, na haifai kwa mazungumzo. Itengewe mambo mawili: kumkumbusha mtu siku ya kurudisha kitabu, na kumwarifu kwamba kitabu alichokiomba kimefika.

Namna ya kuanza

Mpangilio ninaoupendekeza kwa maktaba ya ukubwa wa wastani, yenye wahudumu wachache na bila afisa wake wa TEHAMA, ni huu. Miezi mitatu ya kwanza iwe ya nambari ya dawati peke yake, kwa sababu ndiyo itakayofichua wasomaji wanauliza nini hasa. Maswali hayo yahesabiwe kwa kalamu kwenye daftari la dawati. Hakuna haja ya programu ya takwimu. Baada ya hapo chaneli ifunguliwe, nayo ijazwe kutokana na daftari hilo: swali lililoulizwa na wengi wiki hii ndilo tangazo la wiki ijayo. Facebook ije ya tatu, ikiwa na mradi wa picha au mwingine unaostahili kudumu, wala isifunguliwe ili tu kurudia yaliyokwisha kusemwa kwenye chaneli. Maktaba ambayo tayari ina ukurasa wa Facebook uliolala isiufute. Irejeshe funguo zake kwanza, na kama aliyekuwa nazo amehama, atafutwe kwa upole na barua ya ofisi.

Waraka wa kuomba kibali cha kaunti usizidi kurasa mbili. Utaje kazi ambayo kila zana itaifanya, majina ya vyeo vya watu wawili watakaoishika, gharama ya bando kwa mwezi, na muda ambao msomaji ataahidiwa kujibiwa. Ahadi hiyo iwe ya kweli: "tutakujibu kabla ya mwisho wa siku ya kazi inayofuata" ni bora kuliko "mara moja". Ueleze pia data gani zitakusanywa, zitafutwa lini, na kama kaunti imesajiliwa na Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data, swali ambalo mwanasheria wa kaunti atauliza hata kama waraka haukulitaja. Lugha ya kuandikia iamuliwe mapema, Kiswahili kikiwa cha kwanza, kwa kuwa chapisho moja la lugha tatu huwa refu kiasi kwamba hakuna anayelimaliza.

Mwisho wa waraka uwe na tarehe ya kutathmini na sharti la kufunga. Zana ambayo haikupokea swali wala kufuatwa na watu wa kutosha kwa mwaka mmoja ifungwe, na kabla ya kufungwa yaliyomo yanayofaa yanakiliwe, wafuasi wapewe mwezi mmoja wa taarifa, na pale inapowezekana liachwe chapisho moja juu kabisa lenye nambari ya dawati na saa za kufungua.